Namna ya kufundisha kajukenbo ikamkaa kila mwanafunzi

Jina la kajukenbo, sanaa ya kujihami, limeshonwa kwa vipande, kama jina la Tanzania lilivyoshonwa kutoka Tanganyika na Zanzibar. KA ni karate, JU ni judo na jujitsu, KEN ni kenpo, BO ni ndondi ya Kichina. Wengi wakishasikia hivyo hudhani kazi ya mwalimu ni kuchota mbinu tano za huku na tano za kule, akazitia chungu kimoja akakoroga. Mimi mwenyewe miaka yangu miwili ya mwanzo nilifundisha hivyo: Jumatatu ngumi, Jumatano kuangushana, Ijumaa mateke. Mwanafunzi akawa na mifuko mitatu, na siku ya kushikwa ukosi hajui atie mkono mfuko upi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenye darasa lake tayari, la karate, judo au masumbwi, anayetaka kufundisha kwa njia ya kajukenbo. Naanza na ilikotoka, kwa sababu njia ya kufundisha imo humo humo.

Kwanza, jua ilivyopatikana

Kati ya mwaka 1947 na 1949, katika mtaa wa Palama mjini Honolulu, Hawaii, vijana watano walikuwa wakikutana kufanya mazoezi. Palama ulikuwa mtaa wa watu wa hali ya chini: Wajapani, Wachina, Wakorea, Wafilipino, Wareno na Wahawaii wenyewe, wengi wao wazao wa vibarua waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na mananasi. Ugomvi wa mitaani lilikuwa jambo la kawaida. Peter Choo alijua Tang Soo Do, karate ya Kikorea, pamoja na ndondi. Frank Ordonez alikuwa mtu wa jujitsu. Joe Holck alikuwa na judo na jujitsu. Clarence Chang alikuja na ndondi ya Kichina. Adriano Emperado alikuwa amesoma kenpo kwa William K. S. Chow, na alijua eskrima, mapigano ya fimbo na kisu ya Wafilipino.

Hawakukaa mezani kupanga mtaala. Walishambuliana, kila mmoja kwa ufundi wake, kisha wakatazama palipovuja. Mtu wa karate akishadakwa nguo na mtu wa judo, ngumi yake haina tena nafasi ya kujikunjua. Mtu wa judo naye, kabla mkono haujafika kwenye ukosi, ameshakula mbili za uso. Kila tundu lilizibwa kwa ufundi wa mwenzake, likajaribiwa tena kesho yake, na kilichoshindwa kikatupwa. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 wenzake waliondoka, na Emperado akabaki kufundisha katika Palama Settlement, kituo cha huduma za jamii cha mtaa ule. Kutoka pale wanafunzi wake waliipeleka California, na baadaye ikafika Ulaya. Hispania leo ina wafuasi wengi. Emperado alifariki mwaka 2009.

Kwa hiyo ukifundisha orodha ya mbinu bila lile jaribio, umefundisha maganda. Kila hatua ninayoieleza hapa chini inalenga kumfikisha mwanafunzi kwenye jaribio hilo akiwa mzima wa viungo.

Hatua ya 1: Tengeneza pa kuangukia, kisha fundisha kuanguka

Usimruhusu mtu yeyote aangushwe kabla hajajua kuanguka. Mimi nilivunjika mfupa wa bega nikiwa na miaka kumi na tisa kwa sababu mwalimu wangu wa kwanza alitaka tuone haraka jinsi ya kutupa. Nilinyoosha mkono kuikinga sakafu, na sakafu haikingiki.

Kama huna mikeka ya judo, usikate tamaa. Panga matairi ya zamani yaliyolingana urefu, jaza katikati na juu yake maranda ya mbao au pumba za mpunga, shindilia, kisha vuta turubai zito juu yake na ulifunge kwenye fremu ya mbao. Kila wiki pita na miguu mitupu ukitafuta mashimo. Maranda husogea, na kifundo cha mguu huvunjikia palipobonyea. Kingo za fremu zifunike kwa magodoro.

Kuanguka chali kunafundishwa hivi. Mwanafunzi achuchumae, akunje mikono kifuani, na kidevu akigandamize kifuani kana kwamba ameshikilia leso kati ya kidevu na shingo. Leso ya kweli inasaidia: ikidondoka, ujue kisogo kingegonga chini. Ajilaze kwa kuviringika, makalio kwanza, halafu mgongo, na mgongo ukigusa, mikono yote miwili ipige turubai kwa wakati mmoja, kuanzia kiganja mpaka kiwiko, ikiwa imeachana kidogo na mbavu. Pumzi itoke kwa sauti. Kisha afanye akiwa amesimama, kisha kwa upande, kisha akisukumwa polepole na mwenzake. Kwangu huchukua madarasa sita hadi manane. Wanafunzi hulalamika kwamba wamekuja kupigana, si kuanguka. Waache walalamike.

Siku hiyo hiyo ya kwanza fundisha kugonga: ukibanwa ukashindwa, gonga mara mbili mwilini mwa mwenzako au chini, naye aachie papo hapo. Asiyeachia kwa wakati hukaa nje wiki nzima, hata awe nani.

Hatua ya 2: Chagua shambulio moja, ukae nalo

Mtaala wa awali wa kajukenbo una kata 14 zinazoitwa za Palama (kata ni mfululizo wa miondoko uliopangwa, anaoufanya mtu peke yake), mbinu 15 za kujinasua ukishikwa, na majibu 21 ya ngumi, kabla hujafika kwenye kisu, rungu na washambuliaji wawili. Kiini chake ni majibu ya ngumi. Chukua shambulio ambalo kila mtu amewahi kuliona stendi: mtu anakuja na ngumi ya kulia ya moja kwa moja, inalenga uso.

Wapange wawili wawili, umbali wa mkono mmoja na nusu. Fundisha vipande hivi kwa mwendo wa kutembea.

Ngumi inakuja. Mguu wako wa kushoto utoke mshazari kwenda mbele kushoto, ili ujikute nje ya mkono wake wa kulia. Usirudi nyuma; ukirudi nyuma unampa nafasi ya ngumi ya pili. Wakati mguu unatua, kiganja cha kushoto kiupanguse mkono wake kati ya kiwiko na kifundo, kiusukume upande wako wa kulia. Nasema kupangusa, si kupiga. Hapa ndipo watu wa karate hupata tabu, kwa sababu wamezoea kukinga kwa mfupa. Kinga ngumu husimamisha mkono; sisi tunataka mkono uendelee kupita mtupu.

Kile kiganja kisiondoke. Kikishapangusa, kiteleze mpaka kwenye kifundo au mkono wa shati, kikamate. Ngumi yako ya kulia iingie mbavuni, chini ya kwapa lililofunguka. Hapo hapo, bila kurudisha mkono nyonga kama kwenye kata, ngumi ile ifunguke iwe kiganja, ipande chini ya kidevu. Kidevu kikipanda, uti wa mgongo unapinda, uzito unakwenda kwenye visigino.

Mtu ambaye uzito uko visiginoni ni mtu wa kupigwa mtama. Mguu wako wa kulia upite nyuma ya mguu wake wa kulia, kigimbi chako kikutane na kigimbi chake, ufagie kwenda nyuma huku kiganja kikisukuma kidevu kwenda chini. Ataanguka chali. Mkono wake wa kulia usiuachie: ukiuvuta juu wakati anaanguka, kichwa chake hakigongi chini. Hilo ni la darasani, na hata nje ni la kukuepusha na kesi ya kuua. Goti lako liguse mbavu zake kwa pumzi moja, kisha simama, rudi hatua mbili, tazama kulia na kushoto.

Mfululizo huo una karate, kenpo, ndondi ya Kichina na judo ndani yake, lakini sipendi kuwatajia wanafunzi wapya kipande kipi kimetoka wapi. Nguo ikishonwa vizuri mshono hauonekani. Wanaoambiwa mapema "sasa tunaingia judo" husimama nusu sekunde pale kwenye mpito, kama gari linalobadilisha gia mlimani.

Mara kumi polepole, mara kumi kwa kasi ya kawaida, kisha wabadilishane. Siku hiyo usiongeze kitu kingine.

Hatua ya 3: Mruhusu anayeshambulia awe mtu

Hapa ndipo darasa hugeuka kuwa kajukenbo au hubaki kuwa mchezo wa kuigiza. Mpaka sasa anayeshambulia ametoa ngumi akaiacha hewani kama mti. Watu hawapigani hivyo. Kuanzia darasa la pili la mfululizo huu, mpe ruhusa ya kubadilisha jambo moja, na mwenzake asijue ni lipi.

Naanza na mabadiliko matatu. La kwanza, anairudisha ngumi haraka. Mwanafunzi atakamata hewa. Usimwambie la kufanya. Mwache ashindwe mara tano. Wengi hugundua wenyewe kwamba ule mguu uliotoka mshazari umeshawaweka mahali pazuri, na kwamba ngumi ya mbavu haihitaji kushika kwanza. La pili, anafuatisha ngumi ya kushoto. Aliyetoka nje sawasawa atakuta haimfikii. Aliyetoka nusu ataipata shavuni, na atakumbuka kutoka vizuri kuliko ukimhubiria saa nzima. La tatu, haachi mwanya, anamkumbatia. Hapo ngumi zimekufa, na yule mwenye judo anang'aa ghafla, akiwafundisha wenzake bila kuombwa.

Nguvu ipande ngazi kwa ngazi. Kwa mwezi wa kwanza ngumi ziguse tu. Mwezi wa pili na wa tatu, glovu, kinga ya meno na kinga ya sehemu za siri, mbavu zikipigwa kwa nguvu ya wastani, uso ukiguswa kidogo tu. Baada ya hapo ni hiari ya mtu mmoja mmoja, wala si cheti cha uanaume.

Nalisema hili kwa sababu ukali wa Palama husimuliwa kwa fahari. Madarasa yale ya mwanzo yalikuwa ya kuumizana kweli kweli, na wanafunzi wengi waliacha. Namheshimu Emperado sana, ila sioni sababu ya kuirithi sehemu hiyo. Wale walikuwa vijana wa mtaa wenye umri mmoja. Mimi nina baba wa watoto wanne anayetakiwa kazini saa moja asubuhi. Mwanafunzi akipigwa kichwani akaona kizunguzungu, akataka kutapika, au akasahau tulikuwa tunafanya nini, mazoezi yake yamekwisha siku hiyo. Anapelekwa hospitali akiwa na mtu, na harudi kwenye mapambano mpaka daktari amruhusu.

Hatua ya 4: Lengo libaki, kifaa kibadilike

Miongoni mwa wanafunzi wangu yumo mama mmoja muuza samaki, amevuka hamsini, mfupi, goti la kulia bovu. Wiki ya tatu alisimama mbele ya kijana mrefu wa kilo tisini, akafika kwenye mtama, akasita.

"Mwalimu, goti hili halinibebi. Nikiinua mguu mmoja naanguka mimi kabla yake."

"Basi mama, mguu usiinue. Kidevu umekipata?"

"Kidevu nimekipata."

"Haya, ukishakipata unataka nini?"

Akafikiri. "Nataka aende nyuma aniachie njia."

Hapo akawa amejibu mwenyewe. Akabaki na miguu yote miwili chini, kiganja kidevuni, mkono wa kushoto ukavuta ule mkono aliokwisha kuukamata kwenda chini kwenye nyonga yake, kisha akageuza mwili mzima kama anavyogeuza ndoo ya samaki kutoka begani. Yule kijana alipepesuka hatua tatu, mama akawa ameshafika mlangoni. Vidole vya mtu aliyeshika samaki wanaoteleza kwa miaka thelathini havikwepeki kirahisi. Udhaifu ulikuwa gotini, nguvu ilikuwa mkononi, na mbinu ikahama ikafuata nguvu.

Ndivyo unavyorekebisha. Kila kipande cha mfululizo kina lengo: kutoka kwenye mstari wa ngumi, kuumiliki mkono, kumvuruga, kumwondolea usawa, kuondoka. Malengo hayo hayaguswi. Kifaa cha kulifikia lengo ni cha mwanafunzi. Mrefu atatumia teke la chini kwenye paja mahali ambapo mfupi anatumia kiwiko. Mwenye mkono mmoja dhaifu ageuze upande wote. Mtoto wa miaka kumi na miwili asifundishwe kumtupa mtu mzima. Mfundishe kutoka, kupiga kelele na kukimbia, na umpime kwa hayo.

Kajukenbo ina haki ya kubadilika kwenye mizizi yake. Emperado mwenyewe aliruhusu matawi: Tum Pai na Chu'an Fa yalizaliwa akiwa hai, yakiongeza ulaini na ufundi wa Kichina, na mwaka 1969 mwanafunzi wake Al Dacascos akaanzisha Wun Hop Kuen Do. Matawi hayo yanatambuana kama ndugu. Lakini angalia, waliobadilisha walikuwa wameshaufahamu mfululizo wa awali kwa miaka. Mwanafunzi wa wiki mbili anayesema "mimi nitafanya kivyangu" huwa anakwepa kipande kilicho kigumu. Mwulize: umekijaribu mara ngapi kabla ya kukiacha?

Hatua ya 5: Fimbo, kisu na kata

Kuhusu kata nitakuwa mfupi. Fundisha mbili za mwanzo za Palama kwa ajili ya miguu na usawa, robo saa kwa darasa, usizidishe.

Fimbo wafundishe mapema kuliko ulivyofundishwa wewe. Urithi wa Kifilipino umeingia kwenye kajukenbo, na mtu wa pwani ana mahali pa kuupokea: aliyewahi kuona kirumbizi, ngoma ya kuchezeana fimbo, huko Lamu anajua kwamba fimbo hujibiwa na miguu kwanza, mkono baadaye. Tumieni mianzi iliyofungwa sponji na mpira. Mguu ule ule wa mshazari wa Hatua ya 2 unarudi hapa bila mabadiliko, na mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe uso wake hubadilika.

Kisu kina ukweli wake, na useme waziwazi. Chukua kalamu ya wino mzito iwe kisu, vaeni fulana nyeupe kuukuu, mmoja ashambulie kwa dakika moja, kisha hesabuni mistari. Hata wenye mikanda ya juu hutoka na mistari mikononi na tumboni. Baada ya hapo sihitaji kueleza kwa nini jibu la kwanza la kisu ni kukimbia, la pili ni kuweka kitu katikati, kiti, begi au meza, na mbinu za mikono mitupu ni za pale ambapo mlango umefungwa.

Hapo hapo zungumzia sheria. Kujihami kunaruhusu nguvu ya kiasi cha kuiondoa hatari. Mtu akishakuwa chini na hatari imekwisha, teke unalompiga ni shambulio lako wewe. Ndiyo maana mfululizo wetu unaishia kwa kurudi hatua mbili.

Hatua ya 6: Usilitumie jina usilolipokea

Hili linaniuma. Kajukenbo ina silsila, kama twarika: nani alimfundisha nani, mpaka Palama. Ukiwa umejifunza kwa video na kwa kuchanganya ujuzi wako wa karate na judo, fundisha kwa njia hii kwa moyo mweupe, lakini ubaoni andika "sanaa za kujihami". Usitoe mkanda mweusi wa kajukenbo. Tafuta mwalimu mwenye silsila, mwandikie, nenda kwenye semina yake, ukubali kuanza na mkanda mweupe hata kama una miaka ishirini ya karate. Nguo zao ni nyeusi. Usizivae kwa pupa.

Mzazi anayetafuta darasa aulize maswali mawili tu: nani alimpa mwalimu mkanda, na wanafunzi wanafanya nini mwenzao asipokubali kuangushwa. La pili asiulize kwa mdomo, akae benchini darasa zima atazame.

Hatua ya 7: Weka daftari la yaliyoshindwa

Nunua daftari kubwa, likae ukumbini. Kila Ijumaa dakika ishirini za mwisho ni za mwanafunzi mwenye badiliko lake. Anaeleza ni kipande kipi amekibadilisha na kwa lengo lipi. Kisha wanamshambulia watu watatu wenye maumbo tofauti, mmoja mzito, mmoja mwepesi, mmoja mrefu kuliko yeye, kila mmoja mara tatu, na hawamwonei huruma. Badiliko likisimama angalau mara sita kati ya tisa, linaandikwa upande wa kulia wa daftari na jina lake, na wote wanalijaribu wiki inayofuata. Likishindwa linaandikwa upande wa kushoto, pamoja na sababu. Mwalimu naye apitie hapo hapo. Mwezi uliopita niliandika la kwangu upande wa kushoto: teke la nyuma kwa mtu aliyekukumbatia. Yule mzito hakulihisi hata kidogo, na mwepesi alinibeba mguu ukiwa hewani. Mama muuza samaki ameshika kurasa tatu za kulia.